Nani Mwenye Hakika? Vivumishi vya Uyakini katika Kiingereza na Taabu ya Kuvifasiri

Mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha mazoezi ya tafsiri ya mwaka wa kwanza atakuwa amekutana na kosa ambalo halitokani na uvivu wala upungufu wa msamiati. Mwanafunzi hupewa sentensi ya Kiingereza "Amina is sure to pass", naye bila kusitasita huandika: "Amina ana hakika ya kufaulu." Kila neno limepata mwenzake. "Sure" ni hakika, "to pass" ni kufaulu, na Amina ni Amina. Walakini sentensi ya Kiswahili imesema jambo ambalo ile ya Kiingereza haikulisema kamwe. Katika Kiingereza mwenye hakika ni msemaji. Amina mwenyewe huenda amekwisha kata tamaa, yuko nyumbani akilia kwa kuyaogopa matokeo. Katika tafsiri, hakika imeondolewa kinywani mwa msemaji ikatiwa moyoni mwa Amina.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi wasemaji wa Kiingereza wanavyotumia vivumishi kudokeza ni kwa kiasi gani jambo laelekea kuwa au ni yakini, na kuonyesha kwamba mfasiri wa Kiswahili hukosea anapotafuta neno kwa neno kabla ya kujiuliza hakika hiyo ni ya nani. Wataalamu wa Kiingereza wameshughulikia zaidi vitenzi visaidizi vya namna ya "may" na "must", F. R. Palmer alivitungia kitabu kizima mwaka 1979. Vivumishi havikusahauliwa, kwani sarufi kubwa ya Quirk na wenzake ya mwaka 1985 yaviorodhesha pamoja na miundo yake. Lakini orodha hizo ziliandikwa kwa ajili ya anayetaka kukisema Kiingereza, si kwa anayetaka kukitoa Kiingereza na kukitia katika lugha isiyo na vivumishi vya jinsi hiyo.

Vivumishi vyenyewe si vingi: "possible", "probable", "likely", "certain", "sure" na "bound". Kwa upande wa maana twaweza kuvipanga kama vipandio vya ngazi, kuanzia jambo linalowezekana tu hadi jambo lisilo na shaka. Lakini anayedhani kwamba maneno haya, kwa kuwa maana zake ni jamaa, yataingia katika sentensi kwa mlango mmoja, atashangaa. Milango ni mitatu. Katika mlango wa kwanza, kiima ni "it", neno tupu lisilorejelea kitu, na jambo lenyewe hufuata likiwa kishazi kizima: "It is likely that the train will be late". Katika mlango wa pili, kiima cha kishazi hicho huvutwa mbele kikawa kiima cha sentensi nzima, na kitenzi hubaki nyuma bila kiambishi cha nafsi wala cha wakati: "The train is likely to be late". Katika mlango wa tatu, kiima ni mtu mwenye fikra, na kivumishi chaeleza hali ya moyo wake: "I am certain that the train will be late".

"Certain" hupita milango yote mitatu bila kuulizwa. "Likely" hupita miwili ya kwanza, na wa tatu umefungwa kwake. Hakuna Mwingereza asemaye "I am likely that". "Sure" hupita wa pili na wa tatu, bali wa kwanza waikataa: "It is sure that he will come" ni sentensi ambayo Mwingereza ataielewa, kisha atataka kujua umetoka nchi gani. "Probable" na "possible" zina mlango wa kwanza peke yake, na ndiyo sababu "He is probable to come" yakwaruza masikio yao ingawa "He is likely to come" ni maneno ya kila siku. "Bound" ina mlango wa pili tu. Maneno sita, tabia tano. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba "likely" na "probable" ni visawe ameambiwa nusu ya ukweli, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo itakayomwangusha.

Pengine historia ya maneno yatueleza kidogo sababu ya tofauti hizi. "Sure" yatokana na neno la Kilatini "securus", lililopitia Kifaransa, na maana yake ya awali ilikuwa mtu aliye salama, asiye na wasiwasi. "Secure" ni ndugu yake. Neno lililoanza kama hali ya mtu si ajabu likaona taabu kusimama baada ya "it", ambayo si mtu wala kitu. "Certain" yatokana na kitenzi cha kutenga na kupambanua, na "probable" na kitenzi cha kujaribu na kuthibitisha. "Bound" ni "kufungwa" kwa kamba au kwa ahadi, na hadi leo "He is bound to pay" yaweza kusomwa kwa njia mbili, kwamba amefungwa na wajibu wa kulipa, au kwamba hana njia ila atalipa tu.

Turudi kwa Amina. Tofauti kati ya mlango wa pili na wa tatu ndiyo inayowatatiza wanafunzi, kwani katika yote miwili mtu hukaa mbele ya kivumishi, na kwa macho sentensi zafanana. Wanasarufi geuzi waliliona jambo hili mapema. Paul Postal alilitolea kitabu mwaka 1974. Njia nyepesi ya kulidhihirisha ni kugeuza sentensi ikawa ya kutendwa. "The police are certain to catch the thief" na "The thief is certain to be caught by the police" zina ukweli mmoja: ikiwa moja ni kweli, nyingine pia ni kweli. Lakini "The police are certain that they will catch the thief" haisemi lile linalosemwa na "The thief is certain that he will be caught by the police". Katika jozi ya kwanza hakika ni ya msemaji, kwa hiyo haijali nani aliyewekwa mbele. Katika jozi ya pili, hakika ni ya polisi mara moja na ya mwizi mara nyingine, na mwizi mwenye hakika kwamba atakamatwa huenda angalikwisha acha kazi hiyo.

Je, Kiswahili kina muundo wa jozi ya kwanza? Nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba hakina, kwamba lugha yetu yapenda kusema mambo "moja kwa moja". Dai hilo si sahihi. Muundo huo tunao, ila haukai katika kivumishi. Unakaa katika kitenzi, na aghalabu katika kitenzi kilichokanushwa. Tazama: "Polisi hawatakosa kumkamata mwizi", "Mwizi hatakosa kukamatwa na polisi". Hapa pia ukweli ni mmoja, na hapa pia kiima hakina mchango wowote katika hakika inayotajwa. Kwa hiyo "Amina is sure to pass" ni "Amina hatakosa kufaulu", au kwa ufupi zaidi "Amina atafaulu tu", ambapo neno dogo "tu" labeba mzigo wote wa "sure". Twaweza pia kusema "Hapana shaka Amina atafaulu". Tafsiri ya mwanafunzi, "Amina ana hakika ya kufaulu", ni sawa kabisa kwa sentensi nyingine, yaani "Amina is sure of passing".

Darasani nimeona dawa moja inayofaa zaidi kuliko maelezo marefu. Ondoa Amina, weka kitu kisicho na akili. "This roof is sure to leak." Mwanafunzi yule yule aliyeandika kwamba Amina ana hakika ya kufaulu haandiki kamwe kwamba paa hili lina hakika ya kuvuja, kalamu yake yakataa, naye huandika "Paa hili halitakosa kuvuja" au "Paa hili litavuja tu". Yaani maarifa anayo. Lililompoteza ni kuwa Amina ni mtu, na mtu aweza kuwa na hakika.

Kwa "bound", wengi hukimbilia "lazima" au "hana budi", na hapo Kiswahili chatupa msaada ambao Kiingereza hakina. Utata wa "He is bound to pay" kwetu huondolewa na dhamira ya kitenzi kinachofuata. "Lazima alipe" ni wajibu. "Lazima atalipa" ni hakika ya msemaji. Kadhalika "lazima afike" ni amri, na "lazima amefika" ni kauli ya mtu aliyeona taa imewashwa dirishani. Mpaka huu kati ya wajibu na uyakini, ambao umewafanya wanafalsafa wa lugha waandike kurasa nyingi kuhusu "must", sisi twautia katika irabu moja ya mwisho na kiambishi kimoja cha wakati. Ni ajabu kwamba sarufi nyingi za Kiswahili hulipitia jambo hili kwa haraka. Na "hana budi kulipa", kwa sikio langu, imebaki upande wa wajibu. Sipendi kuiona ikitumiwa kwa paa linalovuja.

"Likely" ndiyo yenye matata zaidi, kwa sababu ndiyo inayotumiwa zaidi. Waamerika wameigeuza hata kuwa kielezi kinachosimama peke yake, "He will likely come", wakati Waingereza wa desturi ya zamani hupenda kuitanguliza kwa "very" au "most" inapofanya kazi hiyo. Kiswahili kina "yaelekea", na "yaelekea" ina milango miwili sawasawa na "likely": "Yaelekea wachezaji wetu watashindwa", na "Wachezaji wetu waelekea kushindwa". Hata hivyo, milango hii haina uzito mmoja. Katika sentensi ya kwanza ushahidi waweza kutoka popote, hata gazetini kabla ya siku ya mchezo. Katika ya pili, wachezaji wameelekea, uso wao umegeuka upande huo. Nasikia kana kwamba mchezo umekwisha anza na dalili zaonekana kwao wenyewe. Maana ya asili ya kitenzi, kuelekeza uso, haijafa. "Likely" haina mwendo wa namna hiyo ndani yake. Basi kwa habari inayosimuliwa kutoka mbali napendelea "yaelekea" itangulie.

Sasa tutazame kikanushi, mahali ambapo kosa la tafsiri laweza kumgharimu mtu. Katika Kiingereza, "He is not likely to come" na "He is likely not to come" hutumiwa kwa maana moja. Kikanushi kimekaa juu ya kivumishi, lakini kazi yake yafanyika chini, juu ya kuja. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "Haielekei kuwa atakuja" ni sawa na "Yaelekea hatakuja", kama vile "Sidhani atakuja" ilivyo sawa na "Nadhani hatakuja". Lakini badili "likely" uweke "certain", na mambo yapinduka. "He is not certain to come" yasema tu kwamba hakika haipo: huenda akaja, huenda asije. "He is certain not to come" yafunga mlango. Laurence Horn, aliyechunguza kanuni hii kuanzia miaka ya 1970 na kuipanua katika kitabu chake cha mwaka 1989, alionyesha kwamba maneno ya katikati ya ngazi huruhusu kikanushi kuteremka, ilhali maneno ya ncha zote mbili, yale ya yakini kamili na yale ya kuwezekana tu, huzuia. Kwetu pia ni hivyo hivyo: "Si hakika kuwa atakuja" iko mbali sana na "Hakika hatakuja".

Mwandishi wa makala haya alijifunza kanuni hii kabla ya kumsoma Horn. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilipokea barua kutoka ofisi iliyosimamia ufadhili wangu. Ilisema kwamba malipo ya mwaka wa pili "are not certain to be renewed". Nilikuwa nimechoka, baridi ilikuwa kali, na nikampigia simu baba nikamwambia kwa Kiswahili: "Hakika ufadhili hautaendelea." Mzee aliuza mitamba wawili ili nipate nauli na deni la chumba. Majuma matatu baadaye ilikuja barua ya pili: ufadhili umeendelea. Baba hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kweli ni lugha niliyokwenda kusomea huko.

Kosa langu halikuwa la msamiati. Kila neno nililijua. Nilichofanya ni kukiteremsha kikanushi kwa mazoea ya "likely", mahali ambapo "certain" haikuniruhusu.

Jambo jingine ambalo mfasiri hana budi kulitazama ni kuchakaa kwa maneno ya hakika. Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni "labda". Neno hili latokana na Kiarabu "la budda", yaani hapana budi, hapana njia ya kuepa. Lilipoingia Kiswahili lilishuka ngazi yote hadi likawa neno la shaka. Na tazama mzaha wa lugha: "budi" ile ile, ilipokanushwa kwa vikanushi vyetu wenyewe, ikabaki na nguvu zake zote katika "sina budi" na "hapana budi". Mzizi mmoja umetupa neno la yakini na neno la wasiwasi. Wafaransa wana "sans doute", ambayo kwa maneno ni "bila shaka" na kwa matumizi ni "yaelekea". Waingereza nao wana "doubtless" na "no doubt". Asemaye "No doubt he will come" ameahidi kidogo kuliko asemaye "He will come". Lauri Karttunen aliliona hilo kwa "must" mwaka 1972: kutaja hakika ni kukiri kwamba hukuona kwa macho. "Surely" imechakaa zaidi, hata sasa ni ombi kwa msikilizaji akubali. Lakini "sure to" imebaki ngumu. Kwa hiyo "bila shaka", ambayo katika Kiswahili cha leo mara nyingi ni jibu la adabu tu, haifai kila mara kuifasiri "sure to", napendelea "hatakosa".

Waingereza pia hupenda kupanda ngazi hii kinyumenyume, kwa kukanusha kinyume cha neno: "not unlikely", "not impossible". Wafasiri wetu huandika "si kwamba haiwezekani", na msomaji hulazimika kurudi mwanzo wa sentensi. Sijui kwa nini wanasumbuka hivyo na ilhali "si ajabu" iko tayari, tena hufuatwa na kitenzi cha "-ka-" kwa ufasaha ule ule wa "huenda": "Si ajabu akaja." Na kwa lugha ya kitabuni, "si muhali".

Hadi hapa Kiswahili hakijaonekana maskini. Umaskini, kama upo, uko katika vipimo. Kivumishi cha Kiingereza hukubali kuongezwa na kupunguzwa: "quite likely", "very likely", "highly probable", "just possible", "almost certain". "Huenda", "labda" na "pengine" hazikubali. Hakuna "huenda sana". Ili kujaza pengo hili, magazeti na redio zimetuletea "kuna uwezekano mkubwa", nayo imeenea hivi kwamba leo hutumiwa kwa "likely", kwa "very likely", kwa "probable" na hata kwa "almost certain". Siwalaumu waliouanzisha usemi huu, kwani haja ilikuwepo. Lakini tuangalie umefanya nini. "Uwezekano" ni nomino ya kuwezekana, yaani ya kipandio cha chini kabisa. Tumekichukua kipandio hicho tukakiita kikubwa, tukidhani kwamba kikikua kitakuwa kipandio cha juu. Jambo linalowezekana sana si lazima liwe jambo linaloelekea.

Hatari ya usemi wa namna hii ilikwisha onekana katika Kiingereza chenyewe. Mwaka 1951 idara ya makadirio ya shirika la ujasusi la Marekani iliandika kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia mwaka ule kuchukuliwe kuwa "a serious possibility". Sherman Kent, aliyekuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kuingia kazi hiyo, aliulizwa na afisa mmoja wa serikali maneno hayo yana maana gani. Akajibu kwamba kwa maoni yake ni kama 65 dhidi ya 35 kwamba shambulio litakuwapo. Afisa alishtuka, kwani yeye alikuwa ameelewa kiasi cha chini sana. Kent akarudi kuwauliza wenzake, wale wale waliokubaliana juu ya maneno hayo. Majibu yao yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wametia sahihi sentensi moja yenye maana zilizopingana. Katika makala aliyoyatoa mwaka 1964, Kent alipendekeza kila neno lipewe tarakimu: "almost certain" iwe kama 93 kwa mia, "probable" kama 75, na "possible" iachwe kwa mambo yasiyoweza kukadiriwa. Wenzake wengine walimpinga, naye akawaita washairi. Na sisi washairi hatuwezi kujitetea sana hapa: "serious possibility", ikifasiriwa, ni nini kama si "uwezekano mkubwa"?

Pendekezo la Kent limepata makao mapya katika taarifa za Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, lililoanzishwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa Nairobi. Kwa kipimo kinachotumiwa na Jopo hilo sasa, "likely" ni 66 kwa mia au zaidi, "very likely" ni 90 au zaidi, "extremely likely" ni 95 au zaidi, na "virtually certain" ni 99 au zaidi. Upande wa chini, "unlikely" ni 33 au chini yake. Vivumishi vimegeuzwa kuwa vyombo vya kupimia. Na kwa vyombo hivyo laweza kusomwa jambo kubwa. Kuhusu kama mwanadamu ndiye sababu ya sehemu kubwa ya joto lililoongezeka tangu katikati ya karne ya 20, taarifa ya mwaka 2001 ilisema "likely", ya mwaka 2007 "very likely", na ya mwaka 2013 "extremely likely". Mwaka 2021, kuhusu kama mwanadamu ameipasha dunia joto, wataalamu waliacha ngazi kabisa wakasema kwamba jambo hilo halina utata. Safari nzima ya elimu ya miaka 20 imo katika maneno machache yanayotangulia kivumishi kimoja.

Fasiri taarifa tatu za kwanza kwa "kuna uwezekano mkubwa", na safari hiyo yafutika. Msomaji wa Kiswahili ataona wataalamu wakirudia maneno yale yale mara tatu, na atakuwa na haki ya kuuliza wamekuwa wakifanya nini.

Ni kweli kwamba hata Waingereza hawayasomi maneno haya kama Jopo lilivyoagiza. David Budescu na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba wasomaji huyavuta kuelekea katikati: "very likely" huisoma chini ya kiwango kilichowekwa, na "very unlikely" huisoma juu yake. Lakini kusoma kipimo vibaya si sawa na kutopewa kipimo.

Ninalopendekeza ni kurudi kwenye kitenzi. "Yaelekea" ni kitenzi, kwa hiyo hukubali yale ambayo "huenda" haikubali: "yaelekea", "yaelekea sana", "yaelekea mno", na kwa kinyume "haielekei", "haielekei hata kidogo". Masikio ya wazee huenda yakasita kidogo kwa "yaelekea sana", lakini hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa, na vipandio vyabaki vimepangika. Kwa "virtually certain" tuna "karibu yakini". Kwa "more likely than not", ambayo Jopo huipa zaidi ya 50 kwa mia, "yaelekea kuwa kuliko kutokuwa" yatosha. Kwa "about as likely as not", Kiswahili tayari chasema "huenda ikawa, huenda isiwe", na hapo ndipo mahali halali pa "huenda" katika ngazi hii. "Uwezekano" uachiwe kazi yake ya asili, ya kusema kwamba mlango haukufungwa.

Kipandio kimoja hakijanipa raha. "Exceptionally unlikely" ni 1 kwa mia au chini yake, lakini si sifuri. "Muhali" ni sifuri. Nilipowapa wanafunzi wangu zoezi hili muhula uliopita, wengi waliandika "karibu muhali", mmoja akaandika "haielekei katu", na mwingine, kutoka upande wa Lamu, akasema kwao watu hawalitaji kabisa jambo la namna hiyo, kwani kulitaja ni kuliita. Nimewapa wote alama.